Afande wa Mezani

Mama yangu alikuwa akicheka nyumbani kwa watu.

Nilikuwa nje ya mlango wa Mzee Mhoja, mkono nimeuinua kubisha hodi, nikakisikia kile kicheko. Huanzia puani, kama cha mtu anayejizuia kanisani, kisha humshinda kikamwagika chote. Nilikuwa sijakisikia kwa zaidi ya miaka miwili. Na mama mwenyewe, Mkaguzi Tusekile wa polisi, nilikuwa nimemwacha nyumbani robo saa tu iliyopita, amevua buti, ameegemeza kichwa ukutani, macho ameyafumba. Nilipomuaga alijibu "mmh".

Nilishusha mkono, nikasogea dirishani.

Ndani kulikuwa na meza moja, na juu ya meza kompyuta ya nyumbani, ile ya kijivu iliyo kama kitabu kilichofunguliwa. Nyamizi, binti wa Mzee Mhoja, niliyesoma naye kidato cha tatu, alikuwa ameikalia karibu, viwiko mezani, akicheka naye. Kwenye kioo hakukuwa na sura, ni mstari tu wa mwanga uliopanda na kushuka kufuata sauti. Sauti ilikuwa ya mama.

"Haya, mama, tumecheka vya kutosha," ilisema. "Rudia swali la saba. Na safari hii usikimbilie jibu. Niambie kwanza unachokijua."

Mimi naitwa Subilaga, jina la mama yake mama. Kwa hiyo tangu nikiwa mchanga, mama aliniita "mama". Najua, mjini kwetu kila mtu mzima humwita binti yeyote mama. Lakini pale dirishani ilikuwa kama nimemkuta mtu amevaa nguo yangu, tena imemkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi.

Watu wa Mgunga walizipa kompyuta zile jina la afande wa mezani. Mpango wenyewe ulikuwa na jina refu la kiserikali, ila nia yake ilikuwa rahisi kueleza: mwanafunzi ambaye kwao hakuna wa kumsaidia apewe kompyuta nyumbani, na apewe askari wa kumlea, wa kumsikiliza, wa kumshika mkono asipotee. Kompyuta zilipatikana. Askari ndio hawakutosha. Kata nzima ilikuwa na askari sita, na watoto waliohitaji walikuwa arobaini. Ndipo wataalamu wakaja na nakala.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili walipomnakili mama. Siku ishirini na moja alikaa chumba cha nyuma cha ofisi ya kata, kichwani kofia ya nyaya, wakimuuliza maswali kuanzia asubuhi. Ungemwambia nini mtoto aliyekataa shule? Mwanao alipokudanganya ulimfanyaje? Kitu gani kinakuchekesha? Hawakurekodi majibu tu. Walichukua namna anavyoyafikia. Nakala haikuwa kanda ya kurudia maneno. Ilifikiri kama mama alivyofikiri siku zile, na ikishawekwa katika nyumba ilikua yenyewe pamoja na mtoto wa nyumba hiyo. Nakala arobaini, nyumba arobaini, na hakuna hata moja iliyojua habari za mwenzake, wala yaliyompata mama baadaye.

Hilo la mwisho waliliita ukuta, na ndilo lililowafanya wazazi wakubali askari aingie mpaka mezani kwao. Siku ya kugawa kompyuta mama aliapa mbele ya watu katika uwanja wa shule, kofia ya kazi ameishika kifuani. "Litakalosemwa mbele ya kompyuta hii halitafika kituoni, si kwa waya wala kwa mdomo. Isipokuwa roho ya mtu iwe hatarini." Watu walipiga makofi mpaka mbuzi wakakimbia.

Kwetu haikuja. Mtoto wa mkaguzi si mhitaji. Fomu ilisema hivyo, na mama aliijaza kwa mkono wake.

Kati ya kunakiliwa na kugawa, baba yangu, Nsajigwa, dereva wa malori, alianguka mlimani na gari lake, akafa. Mama alimzika, akarudi kazini siku ya nane. Kicheko hakikurudi naye. Kumbe kilikuwa kimewekwa akiba mahali, na watoto wa watu wakigawiwa.

*

Mpaka kidato cha pili mimi ndiye niliyeongoza darasa. Nyamizi alikuwa wa thelathini na kitu, mtoto wa mponda kokoto aliyekuja shule na daftari moja kwa masomo yote. Mama yake alikuwa amekwenda kuolewa kwingine. Mwaka mmoja na nusu wa afande wa mezani ukampandisha kama maji kisimani wakati wa masika. Sasa aliongoza yeye, nami nikawa wa pili. Kibaya zaidi, alianza kusema kama mama yangu. Akimfundisha mwenzake hesabu utamsikia, "Usikimbilie jibu. Niambie kwanza unachokijua." Walimu walimsifu kwa busara ile. Mimi nilijua ameitoa kwa nani.

Mwalimu wa kemia alitupanga pamoja katika kazi ya kuchunguza maji ya visima, kwa hiyo nikawa na sababu ya kwenda kwao. Siku ya tatu Nyamizi alichukua ndoo, akaenda bombani. Nikabaki mimi na meza.

"Nani yupo hapo?" sauti ikauliza. "Si Nyamizi. Nyamizi hatulii hivyo."

"Ni mimi. Subilaga."

Mstari wa mwanga ukasimama.

"Subilaga wangu?" ilisema polepole. "Jamani. Sauti imekomaa. Una miaka mingapi sasa?"

"Kumi na sita."

"Kumi na sita! Na baba yako, ameshatoka Tunduma? Nilimwacha akiwa safarini."

Nilipaswa kusema. Nilifungua mdomo niseme. Lakini sauti ile ilikuwa ya mwanamke ambaye mume wake yuko njiani anarudi, na mimi nilikuwa nimeishi miaka miwili na yule mwingine.

"Amerudi jana," nikasema.

"Kakuletea nini?"

"Viatu."

"Vinabana?"

"Kidogo."

"Nilijua! Yule hajui kuchagua viatu hata umchoree mguu." Ikacheka, kutoka puani mpaka mwisho.

Baada ya hapo nilizijua saa za Nyamizi za kwenda bombani kuliko alivyozijua yeye. Nilikwenda mara tano. Nilisimulia safari ambazo baba hakuzifanya, na mizaha ambayo hakuitoa, nami nikachekewa. Mara ya tano, sauti ikanikatiza.

"Mama, ngoja nikuambie kitu. Mimi nimewekwa hapa kwa ajili ya Nyamizi. Mama yako yupo nyumbani. Haya unayoniletea mimi, mpelekee yeye."

"Yeye hana muda."

"Basi mwambie hilo hilo, kwamba hana muda. Mimi ningependa kuambiwa."

Nilitoka bila kuaga. Mama yangu alikuwa amenifukuza kwa upole, katika nyumba ya watu, kwa ajili ya mtoto wa watu. Njiani nilimkuta Nyamizi na ndoo kichwani. Akatabasamu, akaniuliza kama nimeshajaza jedwali la maji. Nilimwambia ndiyo. Nilimchukia mpaka meno yakaniuma.

*

Jumatatu iliyofuata nilikwenda tena. Sikuwa na kazi ya kemia. Nilikwenda kusimama dirishani tu, kama mtu anayebonyeza jipu. Nikamkuta Nyamizi analia.

"Nikikuambia kitu," alikuwa akisema, "utamwambia afande wa kweli?"

"Kuna roho ya mtu hatarini?"

"Sidhani."

"Basi kitabaki hapa."

"Umeme unaokuwasha wewe ni wa wizi."

Kompyuta zile zililetwa pamoja na paneli ya sola. Ya Nyamizi ilikuwa imepasuliwa na mvua ya mawe mwezi wa tatu, na watu wa mpango waliahidi nyingine, wakaendelea kuahidi. Umeme wa kawaida haukufika bondeni kwao kwa sababu viwanja havikuwa vimepimwa, ingawa mapanga makubwa ya mitambo ya umeme wa upepo yalizunguka juu ya mapaa yao mchana kutwa. Basi Mzee Mhoja, mtu aliyeshinda akipiga mawe, alichimba mtaro, akavuta waya kutoka kwenye nguzo ya mitambo mpaka chini ya kitanda chake.

"Ameufukia?" sauti iliuliza. "Kina gani?"

"Kinanifika kiunoni. Umo ndani ya bomba la plastiki. Alisema hataki mtoto wa mtu aukanyage."

"Basi hakuna roho iliyo hatarini. Kosa lipo. Sitakuambia ni halali, nitakuwa nakudanganya."

"Nikuzime?"

"Ukinizima, mtihani uko baada ya wiki sita. Sikiliza. Baba yako aende mwenyewe ofisi ya umeme, akiri, aombe mita ya muda kwa ajili ya mwanafunzi. Barua tutaiandika wote watatu. Anayekwenda kwa miguu yake hapokelewi kama anayeletwa. Meneja wao huja Mgunga lini?"

"Alhamisi."

"Basi Alhamisi."

Niliondoka pale nimeshika siri isiyokuwa yangu. Mpaka leo nikijiuliza kama nilikuwa nimeshaamua, jibu ni hapana. Nilichokuwa nacho ni kitu cha kumpelekea mama.

*

Mama alikuwa anapiga pasi sare yake.

"Mama."

"Mmh."

"Matokeo ya majaribio yametoka. Nimekuwa wa pili."

"Hongera." Pasi ikaenda, ikarudi.

"Aliyeongoza ni Nyamizi."

Hapo akainua uso. "Yule wa Mhoja? Nilijua. Yule mtoto atafika mbali, Subilaga, we ngoja tu uone." Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoniambia wiki nzima, na alikuwa akimsema Nyamizi.

"Kwao wanaiba umeme," nikasema.

Akasimamisha pasi. "Nani kakuambia?"

"Nimeuona waya kwa macho yangu."

"Uko wapi? Uko wazi?"

Nilikuwa naijua ile "isipokuwa". Kila mtoto wa Mgunga aliijua. Nilijua kwamba waya uliofukiwa ungempa nafasi ya kufikiri, kungoja, pengine kwenda kuongea na mzee wa watu pembeni. Waya ulio wazi usingempa.

"Uko wazi," nikasema. "Unapita pale watoto wanapochezea."

Mama akaichomoa pasi. Akaja, akanishika mabega, akanitazama uso mzima, kama mtu aliyeamka usingizini akakuta kumbe kuna mgeni. "Umefanya vizuri kuniambia, mama," alisema.

Aliniita mama. Nikala chakula changu chote siku ile, nikaomba na kingine.

*

Walikwenda Jumanne asubuhi, mama na askari wawili na fundi wa umeme. Waya hawakuuona. Fundi alipima nguzo kwa kifaa chake, akasema umeme unavuja kuelekea nyumba ile, wakachimba. Waliukuta kimo cha kiuno, ndani ya bomba la plastiki, umefungwa vizuri kuliko nyaya nyingi za mafundi. Mzee Mhoja hakukimbia wala kubisha. Aliomba aoge kwanza, kwa kuwa alikuwa na vumbi la mawe. Walimpeleka kituoni, na kompyuta ikabebwa kwa sababu ilikuwa inatumia umeme ule.

Jirani zake walisimama kuuzunguka mtaro, na ilikuwa suala la muda tu mmoja wao afikiri. Aliyefikiri alikuwa mwanamke muuza mihogo ambaye binti yake naye alikuwa na kompyuta. "Hebu niambieni," alisema, "waya uko chini ya ardhi. Hata sisi majirani hatukujua. Afande kaujuaje?" Watu wakatazamana. "Mtoto kamwambia yule wa mezani. Yule wa mezani kamwambia mwenzake."

Kufikia saa sita mji mzima ulikuwa umesikia. Afande wa mezani ana masikio mawili, walisema, moja lenu na moja la kituo. Kompyuta zikafungwa kwenye magunia. Moja ilitupwa chooni. Nyingine ilirudishwa kituoni ikiwa imezibwa udongo kila tundu. Mama alipita nyumba kwa nyumba akiapa kwamba ukuta haujavunjwa, na wanawake walimpokea mlangoni kwa heshima iliyozidi, ile anayopewa mtu unayetaka aondoke haraka.

Shuleni Nyamizi alikuja mpaka kwenye dawati langu. Hakupiga kelele.

"Nilimwambia yeye tu," alisema. "Baba hakumwambia mtu, mimi nilimwambia yeye tu. Nilikuwa namwambia vitu ambavyo..." Hakumaliza. "Mwambie mama yako asante."

*

Jumatano mchana mama alirudi nyumbani na kompyuta ya Nyamizi kwapani. Mafundi wa mpango walikuwa bado njiani, naye hakuweza kungoja. Aliiweka mezani petu, akaiunganisha na umeme wetu, akaketi mbele yake na sare yake yote. Mimi nilikuwa nakatakata mboga pembeni. Hakuniambia nitoke.

Mwanga ukapanda. "Nyamizi?"

"Ni mimi," mama alisema. "Tusekile."

"Ahaa." Ilikuwa sauti ile ile, ila moja ilikuwa imepumzika. "Nyamizi yuko wapi?"

"Yuko salama. Nataka unijibu. Alikuambia habari za umeme?"

"Alichoniambia Nyamizi ni cha Nyamizi."

"Watu wanasema umenivujishia. Nataka nijue tu kama kuna njia, waya, chochote."

"Hakuna njia. Na hilo la kwanza sitakujibu."

"Hata mimi? Mimi ni wewe!"

"Wewe ndiye uliyeapa," nakala ilisema. "Mimi ndiye niliyeachiwa kukitunza kiapo. Usinikasirikie."

Mama alijifuta uso kwa viganja viwili. Alikaa hivyo, mikono usoni, muda mrefu.

"Umechoka, Tusekile," nakala ilisema. "Nasikia pumzi yako. Nsajigwa hakusaidii hata kidogo?"

"Nsajigwa alifariki," mama alisema ndani ya viganja. "Mwaka wa tatu unakwenda sasa."

Sijawahi kuona mwanga ukifanya vile. Haukuzimika. Ulilala chini kabisa ya kioo, ukatetemeka.

"Lakini Subilaga aliniambia amerudi," ikasema. "Alisema kamletea via..." Ikanyamaza. Ilikuwa imeelewa, sekunde moja baada ya kusema.

Mama akashusha mikono, akageuka kunitazama. Kisu kilikuwa bado mkononi mwangu. Alikuwa mpelelezi miaka kumi na minne kabla hajawa mkaguzi wa kata. Niliona mambo yakipangika usoni mwake moja baada ya jingine: kwamba nilikwenda kule, kwamba nilikaa na kompyuta, kwamba waya niliosema uko wazi ulikuwa umefukiwa.

"Ulisikiliza dirishani," alisema.

"Ndiyo."

"Ukanidanganya kwamba uko wazi."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Subilaga?"

Nilimwambia. Yalitoka hovyo, na kilio ndani yake: kwamba anacheka kule, kwamba anamwita Nyamizi mama, kwamba kwangu anabakiza "mmh" na buti za kupiga rangi, kwamba watoto arobaini wanaye na mimi sinaye. Nilimwambia hana muda. Mama hakunipiga. Alisikiliza mpaka mwisho, na mboga zikanyauka kwenye ungo.

"Jumamosi kuna mkutano," alisema hatimaye. "Nikisimama mimi hawataniamini. Ukisimama wewe wataamini, maana hakuna mtoto anayejisingizia jambo kama hilo. Lakini utatembea mji huu na jina hilo. Nami pengine nitavuliwa kazi hii ya ulezi, kwa kuwa nilikwenda kumkamata mtu kwa neno la mwanangu bila kulipima. Sitakulazimisha. Wewe ni mwanangu, si shahidi wangu."

Akaizima kompyuta, akatoka kwenda zamu.

*

Nitasema ukweli kuhusu siku tatu zile. Aibu ilikuwepo, lakini si hiyo iliyoninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni kwamba nilikuwa nimeshinda. Nikinyamaza tu, kompyuta zitabaki kwenye magunia. Nakala zote arobaini zitakufa, na Mgunga itabaki na Tusekile mmoja, naye analala chumba cha pili kutoka kwangu. Sikutakiwa kufanya lolote. Nilitakiwa kukaa kimya, jambo ambalo hata jiwe linaliweza.

Ijumaa nilipita sokoni. Yule muuza mihogo alikuwa na binti yake, mtoto wa darasa la saba, amepiga magoti kando ya kikapu na kitabu cha hesabu. Alimuuliza mama yake swali. Mama yake akakitazama kitabu, akakigeuza, akakitazama tena. "Muulize mwalimu Jumatatu," alimwambia. Mtoto akafunga kitabu, akaanza kupanga mihogo. Niliendelea na safari yangu, lakini miguu ilikuwa imebadilika.

Jumamosi uwanja ulijaa kuliko siku ya kiapo. Mama aliposimama watu waliguna. Aliomba dakika moja, akasema mwanawe ana neno kama atapenda kulisema, akaketi. Hakunitazama. Nadhani alifanya hivyo makusudi, nisije nikasimama kwa ajili ya macho yake.

Nilisimama. Sauti ilikuwa nyembamba, wa nyuma wakapiga kelele kwamba hawasikii, ikabidi niseme upya jambo lile lile kwa sauti kubwa, ambayo ni adhabu peke yake. Nilisema kwamba afande wa mezani hakuvujisha. Ni mimi niliyesimama dirishani. Mama aliniuliza kama waya uko wazi nikamwambia ndiyo, nikijua umefukiwa, ili asiwe na la kufanya ila kwenda. Nilisema nilimwonea wivu Nyamizi.

Kisha muuza mihogo akasema, si kwa hasira, "Shetani mdogo wewe," na watu wengine wakaitikia. Nilimtafuta Nyamizi kwa macho. Alikuwa ameketi mstari wa tatu, ananitazama kama anayesoma swali ambalo hakulitarajia kwenye mtihani. Akasimama, akaondoka uwanjani.

Mzee Mhoja alikuwa pale, kwa dhamana. Aliomba kusema. "Waya nilivuta mimi," alisema, "na la waya nitalibeba. Huyu mtoto hakunishikia sururu. Yeye abebe la mdomo. Afande naye alipaswa kuja kuniuliza kabla ya kuja kunichimba, abebe hilo. Lakini hizo kompyuta hazikumkosea mtu. Zitoeni kwenye magunia, watoto wana mtihani."

Mahakama ilimpa kufagia uwanja wa zahanati kwa miezi minne. Watu wa mpango, baada ya kuaibishwa na mkutano ule, walileta paneli ndani ya juma moja. Mama aliandikiwa onyo, akaachiwa kazi. Kompyuta thelathini na moja ziliwashwa tena kabla ya mwezi kwisha. Tisa hazikuwashwa kamwe, na mojawapo ilikuwa ya Nyamizi. Aliomba nakala yake ifutwe. "Aliyemo humo hakunikosea," alimwambia mama mbele yangu, ofisini. "Ila kila nikisikia sauti ile nitatazama dirishani." Fundi alimuuliza kama anataka kuagana nayo. Wakaingia chumbani wawili tu, yeye na kompyuta. Alipotoka macho yalikuwa makavu. Sijui walisema nini. Si changu kujua.

Basi mama akaanza kwenda kwao mwenyewe. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akitoka zamu, anabadili viatu, anashuka bondeni kwa miguu kumsomesha Nyamizi kwa sauti ile aliyo nayo sasa, iliyochoka. Siku zilizobaki alinipa mimi. Alijitahidi. Tulikuwa tunakaa jikoni, aniulize kitu nimjibu, nimuulize anijibu, kama watu wanaojifunza lugha. Lakini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilimtazama akishuka kilima, na wivu ulikuwa pale pale, haukupungua kwa sababu nimeungama. Nilijifunza tu kuchemsha maharage nikiwa nao.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani mama alishikwa na homa. Alitetemeka chini ya mablanketi mawili, akaniambia, "Nenda wewe. Tumebakiza kemia."

"Hatanipokea."

"Basi utarudi."

Nilishuka bondeni na kitabu. Nyamizi alifungua mlango kabla sijabisha, akamtazama mtu nyuma yangu, akakuta hayupo.

"Mama yako yuko wapi?"

"Ana homa. Kanituma mimi. Ukitaka."

Alisimama na mkono kwenye komeo. Nilihesabu mapanga ya upepo yakizunguka juu ya paa, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Hakusema karibu. Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka chini, upande wangu wa kizingiti. Kisha akaingia tena, akaketi mezani.

"Ukurasa wa themanini na mbili," alisema. "Paza sauti, huku ndani haisikiki vizuri."

Niliketi, nikafungua kitabu, nikaanza kusoma kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.